Diski Inayopiga Kelele Si Lazima Iwe Ndiyo Inayokufa

Seva ya nyumbani ikianza kusumbua, diski ndiyo hulaumiwa kwanza. Andika shida yako kwa kundi la WhatsApp, utajibiwa "hiyo imeenda, nunua ingine" kabla hujamaliza kueleza. Peleka kwa fundi, jibu ni lile lile, tofauti ni kwamba yeye ana ya kukuuzia hapo hapo. Mimi nasema tusome namba kwanza. Hata kama hujasomea kompyuta, namba nne hazitakushinda.

Seva yangu haina maajabu. Ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, zile za ex-UK, nimeiwekea Debian na diski tatu, inakaa chini ya meza ya TV. Ya kwanza ina mfumo. Ya pili ina video zangu za kazi, na hizo zikipotea ningelia wiki moja nisahau. Ya tatu ina mambo ya familia, na humo ndani kuna sauti ya shosho. Kabla hajafariki, binamu yangu alimrekodi kwa simu, karibu saa mbili nzima: vile walihama, nyimbo za shambani, majina ya watu wa ukoo. Binamu akanitumia zile faili niziweke vizuri. Siku mbili baadaye simu yake ikaibiwa kwa matatu. Kwa hivyo rekodi za shosho zilikuwa mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni chini ya meza yetu.

Wiki hiyo hiyo diski ya pili ikaanza vituko. Jioni, watu wakiwa wanaangalia filamu, folda inabaki tupu. Nikizima na kuwasha, kila kitu kinarudi. Na ilikuwa inagonga, tik, tik, ile sauti inayofanya mtu ashike kichwa. Fundi aliisikiliza dakika moja, akasema, "Boss, hii imekufa. Leta elfu sita nikuwekee ingine."

Sasa, kila diski huandika shajara ya afya yake, na hiyo shajara inaitwa SMART. Kwa Linux unaweka programu ya smartmontools, halafu unaandika smartctl -a na jina la diski. Itakumwagia mistari mingi, lakini usiogope. Tafuta namba 5, 197, 198 na 199. Namba 5 ni sehemu ambazo diski imeshazitupa na kuweka za akiba. 197 ni sehemu inazozishuku, bado haijaamua. 198 ni zile imejaribu kusoma ikashindwa kabisa. Lakini 199 ni kesi ingine. Hiyo huhesabu data iliyoharibika njiani, kwa waya, kati ya diski na bodi. Ikipanda huku zile tatu ziko sufuri, mshukiwa wako wa kwanza ni waya. Na hairudi chini hata ukitengeneza, kwa hivyo usishtuke kuiona kubwa. Andika leo ni ngapi, angalia kesho kama imeongezeka.

Diski ya pili, ile ya kuhukumiwa kifo: 5 sufuri, 197 sufuri, 198 sufuri. 199 ilikuwa imepita mia tatu na inapanda kila jioni. Nikabadilisha waya wa SATA, Sh200. 199 ikatulia tuli, lakini diski ikaendelea kupotea, mara moja moja. Nikafuata waya wa stima. Diski mbili zilikuwa zinakula kutoka kwa kigawanyio kimoja cha bei rahisi, na plastiki yake ilikuwa ishaanza kugeuka kahawia. Hizo vitu zinaweza kushika moto, sitanii. Nikakitoa, nikaipa kila diski waya wake kutoka kwa pawasaplai. Kugonga kukaisha. Diski ikikosa nguvu ya kutosha huzimika na kuwaka tena, na vile kichwa chake kinarudi nyumbani ghafla ndiyo ile tik unayosikia. Kugonga kunaweza kuwa kifo, ndiyo, lakini pia kunaweza kuwa njaa.

Ningeweza kuishia hapo nikijisifu. Lakini nilikuwa nimeamua kusoma shajara za diski zote, hata zile hazijalalamika. Diski ya tatu, ile tulivu, haijawahi kupiga kelele hata siku moja: 197 ilikuwa 8. Asubuhi yake 16. Jioni 24. Na hapo juu kabisa, kwa herufi kubwa, smartctl bado inasema PASSED.

Usiamini hilo neno. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili hata moja katika zile nne kubwa walizofuatilia. Kwa hivyo namba safi si ahadi. Lakini namba chafu ni mambo mengine: diski ikishapata kosa lake la kwanza la kusoma wakati wa ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ya zile ambazo hazikuwa na kosa hilo.

Hapa ndipo watu huua data yao wenyewe. Wanakimbilia fsck, wanakimbilia "kurekebisha", wengine wanaweka diski kwa friji kama samaki. Diski inayokufa haitaki kuandikiwa kitu chochote. Inataka isomwe mara moja, polepole, kisha iachwe. Nilikopa diski kwa jirani nikatumia GNU ddrescue. Hiyo hunakili kwanza sehemu nzuri zote, inaruka mbaya, kisha inarudi kuzibembeleza. Pia huweka faili ya kumbukumbu, ili stima ikipotea katikati uendelee ulipoachia. Saa za kwanza zilienda mbio. Zile sehemu mbaya zikachukua usiku mzima, na mimi nimekaa hapo kama mtu wa matanga.

Na kabla mtu aniambie ningeweka RAID: sawa, kioo cha diski mbili kingenisaidia siku hiyo. Lakini ukifuta faili kwa bahati mbaya, kioo nacho kinaifuta papo hapo. Nakala ni kitu kinachokaa nyumba ingine. Sasa rekodi za shosho ziko kwangu, kwa binamu, na kwa shangazi Nakuru.

Sehemu 24 zilikataa kabisa kusomeka. Hiyo ni kilobaiti 12, na kwa rekodi kama ile ya kilobiti 128 kwa sekunde ni chini ya sekunde moja. Iliangukia pale shosho anataja ndugu zake. Anasema walikuwa saba, na tunasikia majina sita. Shangazi anasema la saba ni Wambui. Mjomba anasema huyo Wambui alikuwa binti wa jirani, na mpaka leo hawajakubaliana.