Reli ya Mezani

Katika chumba cha uani, pale ambapo watu wengine huweka magunia ya mkaa na baiskeli mbovu, ninayo meza ya mbao yenye urefu wa mita nne, na juu ya meza hiyo uko mji wa Korogwe. Si Korogwe ya leo. Ni Korogwe ya mwaka 1964, au, niseme kwa uangalifu zaidi, ni jitihada yangu ya kuifufua: stesheni, ghala la mizigo, tangi la kunyweshea injini, mto Pangani uliofanyizwa kwa gundi na rangi, na reli ambazo upana wake ni milimita 12. Kila kitu kimepunguzwa mara 87. Mtu wa kimo cha wastani, katika dunia hiyo, hafiki milimita 20 kutoka wayo hadi utosi.

Wenzangu wa idara huniona nimerudi utotoni. Mmoja wao, ambaye heshima yake sitaki kuipunguza, aliingia siku moja, akatazama, akasema, “Daktari, shahada umeipata kwa maneno, na sasa wacheza gari moshi?” Nilicheka pamoja naye, wala sikuwa na jibu la kumpa siku ile.

Kazi hii niliianza kwa ajili ya baba yangu. Yeye aliajiriwa kuwa karani mdogo wa mizigo katika stesheni ya Korogwe akiwa kijana wa miaka ishirini, mwaka huo wa 1964, akastaafu miaka mingi baadaye, shirika lenyewe likiwa limekwisha kubadilika jina mara mbili. Sasa macho yake yameingia ukungu, na siku zake ni ndefu. Nikawaza kwamba nikimjengea stesheni yake, na nikiijenga kwa makosa, atapata cha kusahihisha. Makosa, namshukuru Mungu, hayakunitoka kwa shida.

Mtu anayedhani kwamba mfano wa reli ni kununua vitu na kuvipanga juu ya meza hajajaribu. Ukishaliweka behewa juu ya reli, behewa lenyewe hukuuliza: Nimebeba nini? Natoka wapi, na nani amenipakia? Maswali hayo ndiyo yaliyonipeleka katika Nyaraka za Taifa, nikakaa siku nyingi mbele ya majalada, nikisoma hesabu za tani. Makarani wa zamani walihesabu vizuri. Mkonge, mbao, chai, mahindi, chumvi, mafuta ya taa, kila kimoja kina safu yake. Nilinakili nyingi kadiri ya nguvu zangu, nikarudi nyumbani nikidhani nimeipata Korogwe yote katika daftari moja.

Historia ya mkonge na historia ya reli yetu ni watoto mapacha. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga, na mwaka huohuo Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge iliyotoka Florida kwa njia ya Hamburg. Ilianza safari miche 1,000, na iliyofika ikaishi ni 62 tu. Reli nayo ilikwenda kwa mwendo wa mgonjwa. Kampuni iliyoianza iliishiwa fedha, serikali ya Kijerumani ikaichukua mwaka 1899, na ndipo ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Baadaye pacha mmoja alimbeba mwenzake. Katikati ya miaka ya 1960 mkonge wa nchi hii ulipita tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka katika mashamba haya ya Tanga, ikashuka kwa reli hadi bandarini, ikapakiwa katika matishari na kupelekwa merikebuni. Mwaka 1963 nayo ikafunguliwa njia ya kutoka Mnyusi hadi Ruvu, iliyoiunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Kwa hiyo mwaka 1964 ulikuwa mwaka wa stesheni kushiba, na baba alianza kazi siku za shibe hiyo.

Basi nikatengeneza mabehewa mawili ya marobota ya mkonge, nikayaweka mbele ya ghala, nikajiona nimetenda haki. Usiku mmoja nilifanya hesabu ambayo ningalipaswa kuifanya mwanzo. Jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama ya jani. Katika kilo mia za majani, singa zinazopatikana ni kilo nne hivi, na pengine zisifike. Robota moja lina kilo 250. Behewa likipakiwa marobota 80 limebeba tani 20. Na nyuma ya tani hizo 20 ziko tani 500 za majani, yaliyokatwa kwa kisu jani moja moja, yakaondolewa mwiba wa nchani, yakafungwa mafungu ya majani thelathini, yakachukuliwa hadi kwenye reli nyembamba ya shamba, yakapakiwa torolini na kufikishwa korona kabla hayajakauka. Ikiwa toroli moja lachukua tani moja, basi kwa behewa moja tu la mezani pangu nahitaji matoroli 500. Nyumba yangu yote haitoshi.

Hapa, kwa kuwa kazi yangu ni maneno, naomba ruhusa ya kusimama kidogo. Korona ni mashine ya kusaga majani ya mkonge na kuzitoa singa. Lilikuwa ni jina la mashine za Kijerumani, na watu wa mashamba wakalifanya lao, hata kiwanda chenyewe kikaitwa korona. Mwaka 2020, ulimwengu ulipotetemeka kwa neno hilo, wako wazee wa Ngombezi na Magunga waliokuwa wamelisikia tangu kuzaliwa, nao wakauliza imekuwaje mashine yao iwaue Wazungu. Neno manamba nalo lilitokana na namba. Mtu alitoka kwao ana jina la baba na la babu. Akifika shambani hupewa kipande chenye namba, na kwa namba hiyo huitwa kazini na kulipwa mshahara. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alitoka Unyamwezi kabla ya Vita Kuu ya Pili, akashuka garini Morogoro, na kwa kuwa siku zile hapakuwa na reli kati ya njia zile mbili, alikuja kwa miguu kupitia Handeni hadi Korogwe. Katika daftari langu la tani hayumo. Hakuwa mzigo, maana alitembea. Wala hakuwa abiria, maana hapo palipobaki hapakuwa na gari.

Siku niliyomleta baba mbele ya meza, nilimshika mkono, akavipapasa vitu vyote polepole kwa ncha za vidole. Alilikubali ghala. Alilikataa tangi, akasema liko upande usio wake. Alipofika kwenye jukwaa la stesheni vidole vyake vilikwenda na kurudi, vikatafuta, kisha akauliza, “Mwanangu, watu wako wapi?”

Nikamwambia bado sijawaweka. Wauzwao madukani ni Wazungu wenye kofia na miavuli.

“Stesheni gani hii,” akasema, “haina hata mtu mmoja aliyelala juu ya mzigo wake?”

Jambo la pili tulilobishania siku ile ndilo lililonipeleka Handeni. Katika ramani moja ya kale nilikuwa nimeona mstari mwembamba unaotoka Mombo, ukavuka mto Pangani karibu na Mkalamo, ukaishia Handeni. Nilifurahi kama mtu aliyeokota lulu. Reli ya Handeni! Nikaagiza injini ndogo sana, nikatandika reli ya milimita saba pembeni mwa meza. Baba aliposikia alikataa kata kata. “Nimeandika hati za mizigo miaka thelathini,” alisema. “Sikuandika hata moja ya stesheni ya Handeni. Mizigo ya Handeni ililetwa kwa lori.”

Ramani haikusema uongo, wala baba hakusema uongo. Mstari ule ulikuwa reli ya vita. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeyaongoza majeshi ya Wajerumani, ameitaja katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920. Alijua kwamba siku moja ataikosa reli ya kaskazini, akataka njia ya kuihamisha akiba yake kuelekea Reli ya Kati. Basi zikang'olewa reli nyembamba za mashamba, zile zile za kubebea majani ya mkonge, zikatandikwa kutoka Mombo kuelekea kusini. Mwezi wa Juni 1916 palipiganwa Mkalamo, na kabla mwezi haujaisha Korogwe na Handeni zilikuwa mikononi mwa majeshi ya Jenerali Smuts. Reli hiyo haikupata kuwa na umri wa kuandikiwa hati za mizigo.

Hayo yote niliyasoma vitabuni; lakini kitabu hakikuniambia nilichohitaji, yaani mzigo wenyewe ulikaaje juu ya toroli. Nikapanda basi Korogwe, tukavuka mto, tukashika njia ya Handeni, kilomita 65 za lami. Nilikaa upande wa dirisha, nikawa natazama vichaka na mashamba ya mahindi ya Wazigua, nikijaribu kumwona babu akija upande wa pili na kitita chake kichwani. Sikumwona, maana basi lilikwenda mbio mno.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyepita miaka tisini. Nilimkuta chini ya mwembe, juu ya kiti cha kukunja, na mjukuu wake akanisogezea kigoda.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa heri?”

Tuliulizana hali ya nyumbani, ya mvua na ya mahindi, hata ikawa saa nzima imepita na reli haijatajwa. Nilipoitaja alinyamaza kidogo, akasema, “Baba yangu aliisukuma.”

Kwa haraka ya mtafiti, haraka ambayo hata leo naionea haya, nilitoa daftari nikauliza, “Injini zake, mzee, zilikuwa za namna gani?”

Alinitazama kwa huruma. “Mwalimu, nimekwisha kukuambia. Baba yangu aliisukuma.”

Kisha akanieleza. Baba yake alikuwa kijana ambaye hajaoa, na alichukuliwa pamoja na vijana wengine wa kijijini. Toroli moja lilikuwa na watu wanne. Njia ikiwa tambarare wanne walisukuma. Ikiteremka, wanne haohao waliling'ang'ania kwa nyuma lisiwaponyoke. Na penye mwinuko mkali walipakua nusu ya mzigo, wakapandisha, wakarudi kuchukua nusu ya pili. Kuna mmoja aliyevunjika mguu mteremkoni, akaachwa kivulini wamchukue wakirudi. Mzee hakujua kama walirudi kwa njia ile.

“Walikuwa wakibeba nini?” nikauliza.

“Hakupata kujua. Ulikuwa umefunikwa. Baba alisema ulikuwa mzito, na usiku ukilala karibu nao huruhusiwi kuvuta tumbako.”

Nadhani mimi na wewe, msomaji, twaweza kukisia mzigo wa namna hiyo ulikuwa nini. Lakini yule kijana alisukuma siku nyingi asichokijua, kwa vita visivyo vyake, juu ya reli iliyong'olewa katika mashamba ambayo baadaye yangemwita babu yangu kutoka Unyamwezi. Niliporudi jioni ile niliiondoa injini ndogo, nikaifungia sandukuni. Nilikuwa nimeilipia fedha nyingi, na sikuona uchungu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya watu. Nilinunua vijiti vya kuchokolea meno na kisu chembamba cha fundi viatu, nikaanza kuchonga. Mtu wa milimita 20 hana uso. Ana mgongo tu, na namna ya kusimama. Nilijifunza kwamba mgongo wa anayesukuma haufanani na mgongo wa anayezuia, hata ukiwa mdogo kama punje ya mpunga. Katika mwezi wa kwanza niliharibu watu wengi kuliko niliowapata. Wa stesheni nimewafikisha 31, na mmoja wao amelala juu ya mzigo wake. Baba amemgusa, akatikisa kichwa kwa ridhaa, akasema huyo kwa vyovyote amechelewa gari la saa nane. Yule mwenzangu wa idara naye amekuja tena. Hakutania safari hii; aliuliza kama bibi yake, aliyekuwa akiuza uji nje ya stesheni ya Mombo, aweza kupata nafasi. Nikamwambia Mombo haimo mezani. Akasema basi aje auzie Korogwe.

Reli ya 1916 nimeitoa katika meza kubwa, kwa kuwa haistahili kuchanganywa na 1964, nikaipa ubao wake wenyewe pembeni. Pana mwinuko mmoja, nyasi kavu, na toroli moja lenye watu wanne. Kwa siku kadhaa toroli lilikaa tupu, maana nilikuwa nikisumbuka nichonge masanduku ya namna gani, marefu au mafupi, yenye maandishi au yasiyo na maandishi. Kisha nikakumbuka nilichoambiwa chini ya mwembe. Nikatia vipande vya mbao bila kuvipaka rangi wala kuvichonga umbo, nikakata kipande cha kanzu kuukuu ya baba, nikavifunika, nikavifunga kwa uzi mmoja wa mkonge.