Usifute mshahara wa jana

Jamani, nimekuwa kimya kwa wiki tatu. Sababu ni barua moja ya wakili.

Fundi wa kampuni niliyoitengenezea programu ya mishahara aliumia mkono kwenye mashine. Wakili wake aliomba rekodi za mshahara na mahudhurio, akaambatanisha idhini ya fundi mwenyewe. Meneja akaniambia, "Mtolee, ni kazi ya dakika tano."

Dakika tano! Programu ilionyesha mwezi wa mwisho tu. Kila mwezi ovataimu mpya ilifuta ya zamani. Kosa ni langu. Nilidhani naokoa nafasi kwenye diski.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ile WIBA, hupima ulemavu wa kudumu kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Ovataimu ya kawaida huingia humo. Ya mara moja moja haiingii. Bila historia, fundi angethibitisha vipi kwamba alikesha kila mwezi? Shilingi 1,000 ikipotea kwa mwezi, msingi unapungua kwa 96,000.

Nilizipata data kwenye nakala za akiba, mwezi baada ya mwezi. Faili za nidhamu sikuzigusa: hazikuombwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka utoe kinachohitajika tu.

Sasa programu huongeza mstari mpya, haifuti wa zamani. Nawe mwenzangu, programu yako inakumbuka?