Panya Kipofu na Binamu Yangu wa Runyenjes

Wasee, leo tuongee panya. Panya wa maabara, si wale wa ghala la mahindi.

Binamu yangu wa Runyenjes alianza kwa kugongana na ng'ombe jioni. Mchana yuko poa, hata meseji za watu anasoma. Giza likiingia tu, anapapasa ukuta. Ukoo ukaamua mamake ndiye alileta mkosi kutoka kwao. Siku hizi anasoma St. Lucy's, shule ya wasioona kule Igoji, Meru.

Sasa, mwaka wa 1924 Mmarekani Clyde Keeler aliandika kuhusu panya ambao retina zao hazina seli fimbo, zile za kuonea gizani. Kumbe panya hao huzaliwa nazo, halafu zinakufa ndani ya wiki chache kwa sababu ya jeni moja mbovu. Kinachoniuma ni hiki: seli koni, zile za mchana na rangi, hazitegemei hiyo jeni, lakini nazo hufuata polepole. Yaani jirani amehama, halafu stima inakatwa kwako. Kisha seli za nyuma zilizokuwa zikipokea habari hupoteza matawi yao na kujiunganisha ovyo. Ukichelewa, hata ukileta seli mpya, waya zimeshavurugika.

Panya hao hupata jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa watu pia, aina nyingi ziko hivyo, na wazazi wenyewe wanaona vizuri kabisa. Kabla ya kupima, unamnyooshea mama kidole kwa nini? (Niliuliza hivyo kwenye grupu ya familia. Nilijibiwa na emoji moja.)

Na si ati utafiti wa wanyama hauzai kitu. Lancelot, mbwa aliyezaliwa kipofu kwa hitilafu ya jeni ya RPE65, aliwekewa jeni nzima jichoni akaona. Ripoti ilitoka 2001. Dawa ya watu, Luxturna, ikakubaliwa Marekani Desemba 2017. Bei ya macho mawili ilipotangazwa 2018: dola 850,000. Manze! Uza miraa, uza majani chai, uza shamba, haifiki. Na inatibu RPE65 pekee.

Mimi siombi hiyo dawa leo. Naomba kipimo. Tumezunguka na huyu mtoto, amepewa miwani mara mbili. Miwani! Koni zake bado ziko hai, bado anasoma ubao akikaa karibu na dirisha. Mtu amtoe damu apime jeni kabla hazijaisha.