VISU VYA KUGO

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi nililia visu, nikapewa. Keti basi nikusimulie yaliyonipata huko nyumbani kwetu Mogogosiek.

Kugo, yaani babu yangu mzaa baba, alipofariki aliacha ng'ombe wawili, shamba la majani chai na sanduku moja la mbao. Ng'ombe na shamba wazee walivijadili hadi usiku. Sanduku hakuna aliyeliulizia. Ndani mlikuwa na visu saba vilivyofungwa kwa matambara. Kulikuwa na simi ndani ya ala ya ngozi nyekundu, panga mbili, kisu cha kuchinjia, kijisu cha kunyolea, na rotwet ndogo aliyoivaa kiunoni alipokuwa kijana mchungaji. Cha saba kilikuwa kisu cha kupogolea chai. Wale wasiotoka kwetu wajue kwamba mchai haukatwi ovyo. Kila baada ya miaka mitatu au minne hupogolewa ukawa mfupi, ili wachumaji waufikie tena bila kunyoosha mikono kama wanaochuma maembe. Kugo alipogoa kwa kisu hicho mpaka mpini wake wa mti ukachukua umbo la kiganja chake.

Nilimwomba baba anipe lile sanduku. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Chukua, lakini ukikatwa usije kwangu."

Likizo ya Disemba iliyopita nikaanza kazi. Kwetu ukungu hushuka asubuhi na mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo kutu haina likizo. Kwanza niligundua kwamba ala ya ngozi, ingawa inapendeza macho, si mahali pa kuhifadhia chuma. Ngozi hunywa unyevu na kuushikilia, nacho chuma kilichomo ndani kinaoza polepole huku wewe ukidhani kimelala salama. Nikaitoa simi, nikaiweka kando na ala yake. Nikasugua vyote kwa jivu na kitambaa, nikavikausha karibu na jiko, kisha nikavipaka mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia niliyajaribu pia. Ala! Baada ya siku chache yaligeuka kuwa gundi, vumbi likanasa. Pia nilijifunza kutoshika ubapa kwa vidole vitupu, maana jasho lina chumvi, na chumvi na kutu ni marafiki wa damu.

Panga moja tu ndiyo iliyonishinda. Ilikuwa na mashimo madogo madogo ubapa mzima, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nilisugua kwa jivu, nikasugua kwa msasa, wapi! Mashimo yalikuwa yamezama ndani. Nikaona haya kidogo kwa niaba ya Kugo. Mtu hodari kama yeye, aliwezaje kuacha panga iharibike namna ile?

Basi nikapigilia misumari ukutani sebuleni, juu ya kochi la wageni, kati ya kalenda na picha ya harusi ya wazazi wangu. Nikavipanga visu vyote saba kama miale ya jua, ile panga ya mashimo nikaiweka katikati kwa sababu ilikuwa kubwa kuliko zote. Mama aliposema hapendi, nilikuwa na majibu tayari. Nikamwambia bendera yetu ya Kenya ina ngao na mikuki miwili, na hakuna anayeiogopa. Nikamwambia watu wa Oman wameweka jambia kwenye bendera yao tangu mwaka wa 1970. Tena mwacha mila ni mtumwa! Mama akatikisa kichwa akaenda jikoni. Nilidhani nimeshinda mjadala kama tunavyoshinda hapa chamani.

Wiki ya pili alikuja mgeni. Alikuwa mama mmoja mzee, Mkisii, aliyechuma chai pamoja na Kogo, nyanya yangu, zamani. Hakuwa amefika kwetu kwa miaka mingi. Kogo alimpokea kwa shangwe, wakashikana mikono bila kuachana. "Karibu ndani mama, karibu uketi." Mgeni akaingia. Akainua macho.

Sijui nitalielezaje lile jambo. Hakupiga kelele. Alisimama tu pale mlangoni, mkono kifuani, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba angependa kuketi nje kwenye jua. Jua lenyewe halikuwapo. Nilimpelekea chai, ikapoa mkononi mwake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimi sikuwa nimezaliwa wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Disemba 2007. Shuleni tulisoma kwamba zaidi ya watu 1,000 walikufa kabla ya mkataba wa amani kutiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Niliijua hiyo kama swali la mtihani. Sikujua kwamba yule mama alitimuliwa usiku na vijana wenye panga.

Kogo akaketi karibu naye, akaniita. "Wewe unaona haya kwa sababu ya ile panga yenye mashimo," akasema. "Unajua ilipata wapi?" Akanieleza. Siku zile vijana walipita boma hadi boma wakidai kila mwanamume atoe silaha na atoke. Kugo alichimba shimo usiku katikati ya michai, akafukia visu vyake vyote. Walipokuja akawaambia hana hata cha kukatia sukuma wiki. Walimtukana, wakamwita mwanamke. Alinyamaza. Visu vilikaa ardhini hadi mwezi wa Machi. Mchai hupenda udongo wenye asidi, na asidi hula chuma. Vile vidogo alivifunga kwa gunia na mafuta, vikapona. Panga ile ilizikwa tupu kwa sababu muda haukutosha.

Mgeni alikuwa hajaisikia habari hiyo. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaomba chai nyingine, ya moto.

Jioni ile niling'oa misumari yote. Fundi wa mbao alinitengenezea kabati jembamba lenye mlango wa kioo na kufuli, na ndani nikatia vishikizo vya mbao ili makali yaelekee chini na chuma kisiguse ukuta wenye unyevu. Halipo sebuleni. Liko chumbani kwa Kogo, juu kuliko mikono ya ndugu zangu wadogo, na ufunguo anao yeye. Anayetaka kuona huomba, na kabla ya kuona husimuliwa. Panga ya mashimo sikuisugua tena. Naipaka mafuta tu, kutu isiendelee, lakini mashimo yabaki yalivyo.

Wenzangu, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, ndivyo tunavyoambiwa. Mimi katika visu saba vya Kugo najivunia kile kibutu.