Chai ya Mama ilivyoniumbua

Kasheshe lilianzia kwenye chai. Jumapili hiyo nilimleta bibie nyumbani kwetu Magomeni kwa mara ya kwanza. Kapendeza, kavaa gauni jeupe, katulia kwenye kochi. Mama akainua chupa, akamimina. Mamaa! Chai ikapita pembeni ya kikombe, ikatua kwenye gauni. Bahati ilikuwa imeshapoa.

Mimi nikawaka. "Mama, si uangalie unachofanya!"

Mama hakujibu. Alifuta meza, akaingia chumbani kwake. Bibie akanitolea macho: "Ndivyo unavyoongea na mama yako?"

Wiki iliyofuata nikampeleka hospitali. Daktari akammulika, akasema ni mtoto wa jicho. Kisha akanigeukia mimi: "Fumba macho, gusa pua yako." Nikagusa. "Usifumbue. Kamata kalamu iliyoko mezani." Nikapapasa weee, nikaangusha mafaili.

Akanieleza kwamba misuli na maungio huuambia ubongo mkono uko wapi, ndiyo maana pua niliipata. Lakini kalamu iko nje ya mwili. Macho ndiyo yanayouambia ubongo iko wapi, na mkono ukikaribia yanausahihisha: kulia kidogo, chini kidogo. Kazi hiyo hufanyika haraka mno, wewe mwenyewe hushtuki.

Yupo Mwingereza mmoja, Ian Waterman, kijana wa buchani. Mwaka 1971, akiwa na miaka 19, aliugua. Kuanzia shingoni kwenda chini akawa hahisi tena kuguswa, wala hajui mikono na miguu yake imekaaje, ingawa misuli ilikuwa mizima. Akajifunza upya kula na kutembea kwa kukiongoza kila kiungo kwa macho. Taa zikizimika ghafla, chini!

Sasa fikiria. Mwenzetu macho yalimwokoa. Mama yangu macho ndiyo yaliyomsaliti, halafu mwanawe wa kumzaa namfokea mbele ya mgeni!

Usiku ule nilimwomba radhi. Akacheka. "Mwanangu, wewe ulivyokuwa mdogo ulikuwa unajipaka uji puani ukitafuta mdomo. Mbona sikukufokea?"

Nikanywea.

Mama alishafanyiwa upasuaji, akawekewa lenzi ya bandia. Sasa anamimina chai mwenyewe, na bibie bado anakuja.

Msomaji, mzazi akianza kumwaga chai, usikimbilie kusema ni mzembe. Mpeleke akapimwe macho.