Baiskeli Isiyo na Keria

Katikati ya Oktoba shule za Skotilandi hufungwa, nyingine kwa wiki moja, nyingine kwa mbili, na barabara ya kutoka Edinburgh kwenda Peebles hujaa magari yaliyobeba baiskeli. Yanaelekea Glentress, msitu wa vilima katika bonde la mto Tweed, ambako vijia vya baiskeli hupewa rangi kulingana na ugumu wake: kijani kwa wanaoanza, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi kwa wenye roho ngumu. Katika magari hayo wamo pia watoto waliozaliwa Glasgow au Edinburgh na wazazi wa Tanga, Kisumu au Bukavu.

Mtumie bibi wa Lushoto, kule milima ya Usambara, video ya mjukuu wake akiteremka pale, matope yamemrukia mpaka kwenye meno. Hataanza na mvua wala hatari. Atauliza: mbona hiyo baiskeli haina keria?

Ana haki ya kuuliza. Baiskeli ya milimani ina shokomzoba, breki za diski, gia kumi na mbili na tairi nene zenye meno, lakini haina mahali pa kufunga hata mkungu mmoja wa ndizi. Kengele haina, madigadi nayo aghalabu haina. Iliyo nzuri huuzwa paundi 3,000 na zaidi, fedha ambazo pale Mombo zingenunua bodaboda mpya mbili na chenji ikabaki. Aliyekulia kwenye barabara ya Mombo kwenda Soni, akiona watu wakisukuma mizigo kwenye kona zile, hawezi kuelewa upesi kwa nini mtu alipe ili achoke bure.

Mkongo wa Goma ataelewa kidogo zaidi. Kwao kuna chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedeli wala mnyororo. Vijana hukisukuma kikiwa kitupu mpaka vilima vya Kibumba, wakakipakia viazi, kabichi au mkaa, mzigo wa kilo mia kadhaa, kisha wakateremka nacho mjini mguu ukikandamiza kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo breki. Goma imewajengea sanamu, na kwa ustadi wa kuchagua mstari wa kupita kati ya mawe ya volkano, wengi wao wangewaaibisha wapanda baiskeli wa Glentress. Tofauti ni kwamba kijana wa chukudu akianguka, anaanguka na chakula cha watoto wake.

Wala Waskoti hawakuzaliwa wakicheza. Hiyo likizo ya Oktoba wazee wao bado wanaiita likizo ya viazi, maana ilikuwa nafasi ya watoto kwenda mashambani kuokota viazi nyuma ya trekta kwa ujira, mgongo umeinama kutwa. Mashine zilimaliza kazi hiyo kwa sehemu kubwa kufikia miaka ya 1980. Hata msitu wa Glentress ni zao la kazi. Halmashauri ya Misitu iliundwa mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuifundisha Uingereza kwamba mbao zake hazitoshi, na vilima vingi vya Skotilandi vikavishwa misonobari ya Sitka kutoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Msambaa hapati shida kuielewa hadithi hiyo: kule Shume milima ilipandwa misonobari ya Meksiko kwa sababu zizo hizo za mbao. Ukungu wa asubuhi, mistari ya miti iliyonyooka, harufu ya utomvu, vyote anavijua.

Asichokijua ni sheria. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 2003, mtu yeyote Skotilandi anaweza kupita kwa miguu, kwa baiskeli au juu ya farasi katika sehemu kubwa ya ardhi, hata ya tajiri, mradi asiharibu wala kusumbua. Jirani zao wa kusini, Waingereza wa England, hawana uhuru huo. Huko mwenye baiskeli ana haki kwenye njia chache zilizotajwa. Na haki ya Skotilandi haiulizi uraia. Wakongo waliopelekwa Glasgow kama waomba hifadhi tangu mwaka 2000 wanajua maana ya kusubiri karatasi kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi. Kwao mlima usiodai karatasi si jambo dogo.

Halafu kuna suala la nani analipa mtu akianguka. Kikosi cha uokoaji cha bonde la Tweed ni cha watu wanaojitolea, na hospitali ya umma haimtolei mgonjwa bili ya mfupa uliovunjika. Nyumbani, bega lililovunjika ni mchango wa ukoo kwenye kundi la WhatsApp. Wazazi wa ughaibuni wanaoshangaa kwa nini watoto wao wana ujasiri ambao wao hawakuwa nao, waanzie hapo kabla ya kusifu malezi ya Ulaya.

Mpaka kati ya kazi na mchezo umewahi kuvukwa kwetu pia. Mwaka 2005 Tom Ritchey, fundi wa California aliye miongoni mwa waasisi wa baiskeli za milimani, alifika Rwanda, na mwaka uliofuata yakaandaliwa mashindano yaliyohusisha baiskeli za mbao za wakulima. Kutokana na vuguvugu hilo alitokea Adrien Niyonshuti, aliyeshindana mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London 2012 na kumaliza wa 39. Glentress ilikuwa uwanja wa mbio hizo kwenye mashindano ya dunia mwaka 2023. Miaka miwili baadaye mashindano ya dunia ya barabarani yakafika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika.

Likizo ya viazi inapoanza, jua la Peebles huzama saa kumi na mbili jioni, kama la Tanga. Mwisho wa mwezi saa hurudishwa nyuma, na giza huanza kuingia saa kumi na nusu. Baiskeli nyingi huingizwa stoo. Hapo ndipo familia huanza kupanga Desemba. Wengi hukata tiketi ya Dar es Salaam, wakalala wiki nzima kwenye hoteli za Zanzibar, wakaenda kwa bibi siku mbili. Lushoto wako waongozaji wanaopeleka wageni kwa baiskeli kwenye vijia vya Usambara, na wateja wao aghalabu ni Wazungu. Mtoto aliyejifunza kushika breki Glentress angeviweza vijia hivyo, na bibi angepata kuikagua baiskeli yenyewe kwa mikono yake. Keria huuzwa sokoni.