Neno Kuvu na Shamba la Abti

Mwezi wa Machi mwaka 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo nchini kwa sababu ya maradhi ya Korona, nilirejea nyumbani Garissa nikiwa na furushi la vitabu vya isimu na fasihi ambavyo nilijiapiza kuvisoma. Sikuvisoma. Nilishinda katika shamba la mjomba wangu kando ya Mto Tana. Sisi Wasomali humwita mjomba abti, naye humwita mpwa wake abti vilevile. Ninalolisimulia hapa ni kosa nililolitenda shambani humo kwa neno moja tu la Kiswahili, lugha ambayo tayari nilikuwa nimeanza kujigamba kuwa naijua.

Mvua za vuli za mwaka 2019 zilikuwa zimepita kiasi. Mwishoni mwa Desemba nzige wa jangwani wakaingia kupitia Mandera, wakaenea Wajir, Garissa na kwingineko, uvamizi ambao Kenya haikuwa imeushuhudia kwa muda wa miaka 70 hivi. Kila mtu alikuwa akitazama angani. Hakuna aliyewajali vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu wa mimea na kuacha majani yakinata kama yaliyopakwa asali.

Mahindi ya abti yalikuwa yameanza kutoa maua. Vidukari walikuwa wamejaa kwenye mashada ya maua na ndani ya majani yaliyojikunja. Ndipo asubuhi moja, baada ya siku kadhaa za manyunyu na mawingu, abti akanionyesha kitu kipya: vidukari wengi walikuwa wamekufa papo hapo walipokuwa wamesimama, miili imevimba, rangi imebadilika, na juu yao pamefunikwa na unyoya mweupe. Aliyafikicha majani kwa kidole, akanusa, akanyamaza.

Bwana shamba alipita siku hiyo kwa pikipiki. Alipojua kuwa mimi ni mwanafunzi wa chuo, alinieleza kwa Kiingereza, kwa haraka, mguu mmoja ukiwa chini. Kuna kuvu ambazo chakula chake ni wadudu. Mbegu zake, ndogo kuliko vumbi, humwangukia kidukari, zikapenyeza ngozi yake na kumla kwa ndani. Anapokufa, kuvu humgandisha kwenye jani, kisha huchomoza nje na kufyatua mbegu nyingine kuwatafuta wenzake. Huhitaji unyevu, ndiyo maana katika nchi kavu kama yetu huonekana kwa nadra. Msinyunyize dawa yoyote, alisema. Acheni kazi ijifanye. Akaondoka.

Nilimgeukia abti kwa ufasaha wa mtu aliyetoka darasani. "Abti, usiwe na hofu. Hii ni kuvu."

"Kuvu?"

"Naam. Kuvu ndiyo inayowaua."

"Kuvu ile iliyoua watu Ukambani?"

Nilicheka. Ndilo jambo ninalolijutia kuliko yote. Mwaka 2004 nilikuwa mtoto mdogo, ilhali abti alikuwa utingo wa lori la mahindi kati ya Thika na Garissa kupitia Mwingi. Mwaka ule, mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu yaliwadhuru watu 317 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 wakafariki. Mimi nilikuwa na fasili ya neno. Yeye alikuwa amepita mbele ya nyumba za misiba.

Nilimjibu kwamba kuvu ni za aina nyingi, nikaenda kunywa chai. Kesho yake nilimkuta amekwisha kung'oa mahindi yote na kuyatia moto, hata mbuzi hakuwaachia mabua. Nilianza kueleza, sasa kwa uzito, kwamba kuvu ya ghalani huota kwenye nafaka iliyoanikwa vibaya, na kwamba hii ya wadudu haina haja na mahindi wala na mla mahindi. Abti aliendelea kusukuma mabua motoni. "Abti," akasema, "si wewe uliyeniambia ni kuvu?"

Msimu huo nyumba mbili, yake na ya mama yangu, zilikula unga wa dukani. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo liliniuma zaidi.

Nimelirudia neno hili mara nyingi tangu nianze masomo ya uzamili. Kiswahili hakina ukata hapa. Tuna koga, tuna ukungu ambao pia ni wa asubuhi, tuna uyoga, na mitaani tuna fangasi wa miguuni. Wenzetu wa Tanzania wameunda sumukuvu, neno zuri linalotenga sumu na kiumbe anayeitoa. Laiti ningekuwa nalo siku ile. Na hamira je? Hamira ni kuvu pia, na kila asubuhi abti alikuwa akila anjera iliyoumuliwa kwa hamira. Ningalianzia kwenye anjera, pengine angalinisikiliza. Lakini sisi wanafunzi wa lugha aghalabu tukishapata istilahi huona kazi imekwisha, kana kwamba msikilizaji hana kumbukumbu zake.

Mwaka huohuo wa 2020, ng'ambo ya mpaka nchini Somalia, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikuwa likisaidia kunyunyizia nzige kuvu iitwayo *Metarhizium acridum*. Tanzania ilikwisha kuitumia mwaka 2009 dhidi ya nzige wekundu. Ningependa sana kujua mfugaji aliyeona ndege ikipita juu ya malisho yake aliambiwa ni kitu gani hicho, na kwa neno lipi.

Likizo iliyopita nilimkuta abti shambani, safari hii akiwa na mtama. Mvua ilikuwa imenyesha. Aliniita, akageuza jani, na pale chini palikuwa na vidukari watatu, wamevimba, wamevaa ule unyoya mweupe. Nilikaa kimya, nilikuwa nimejifunza angalau hilo.

"Unakumbuka sotoka?" akaniuliza.

Nilizikumbuka habari zake tu. Ugonjwa wa mwisho wa sotoka ulionekana mwaka 2001 miongoni mwa nyati wa mbuga ya Meru, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa imeondokana nao.

"Sotoka ilimaliza ng'ombe wa babu yako," abti akasema. "Lakini mchungaji alilala katikati ya mizoga, akaamka mzima. Ilikuwa inajua inamtaka nani." Akaliachia jani. "Hii ni sotoka ya vidukari."

Kisha akaniuliza kama nimemletea majani ya chai kutoka Nairobi.